Barua ya wazi kwa kampuni za rekodi na mapromota: mashabiki wa mbali tunalipa zaidi na kuambiwa mwisho

Kwa wakuu wa kampuni zinazotoa upya albamu za roki ya progresivu, ile roki ya vipande virefu na mipangilio tata, na kwa waandaaji wanaouza tiketi za ziara zake.

Waheshimiwa,

Salaam nyingi kutoka Dar es Salaam. Nawaandikia kwa niaba yangu na ya wenzangu wachache walioko Nairobi, Mombasa na Muscat. Kinachotuunganisha ni kazi za Steven Wilson, mwanamuziki na mchanganyaji sauti wa Uingereza: alizotunga mwenyewe, alizofanya na bendi yake ya Porcupine Tree, na albamu za wakongwe alizozichanganya upya kwa mikono yake. Hatuwezi kuwajazia ukumbi. Hata tukikusanyika wote tunaenea sebuleni. Lakini tumekuwa wateja wenu waaminifu, na kila tunachonunua kwenu kinatugharimu zaidi kuliko kinavyomgharimu shabiki wa London au Berlin, huku habari za kufutwa kwa onyesho zikitufikia sisi mwisho. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Shukrani kwanza, maana mnazistahili.

Albamu ya kwanza ya bendi ya Uingereza ya King Crimson, In the Court of the Crimson King, ilitoka Oktoba 1969. Mwaka 2009, ilipotimiza miaka arobaini, ilitoka na miksi mpya ya Wilson, ikiwemo ile ya sauti inayomzunguka msikilizaji pande zote. Anayeijua albamu ile anajua mellotroni yake, kinanda kinachocheza sauti zilizorekodiwa kwenye kanda, ilivyotanda juu ya kila kitu. Kwenye miksi mpya ukikaa katikati ya spika unasikia vidole vya mpiga gitaa vinapohama uzi, unasikia ngoma za Michael Giles zikiongea peke yake upande mmoja, na mellotroni bado imetanda, ila safari hii haimzibi mtu. Ni muziki uleule. Hakuna noti iliyoongezwa.

Wengi wanadhani kutoa albamu upya ni kupandisha sauti na kubadilisha jalada. Kazi hii ni nyingine kabisa. Mchanganyaji anarudi kwenye kanda za studio ambazo kila chombo kimo kwenye njia yake, ngoma huku, besi huku, mwimbaji kule, halafu anaupanga muziki upya tangu mwanzo. Kanda za miaka ya sabini nyingi zimevuta unyevu na gundi yake imelainika. Zikichezwa hivihivi zinabanduka, kwa hiyo hukaushwa kwanza kwenye tanuri la moto mdogo kwa saa nyingi. Baada ya hapo ndipo kazi ya sikio inaanza. Wilson anajulikana kwa adabu yake katika kazi hiyo: anaufuata mpangilio wa wenyewe, hauchezei, na matoleo mengi aliyoyashika huiweka miksi ya zamani humohumo ili anayeipenda ya kale asinyang'anywe. Alifanya hivyo na Aqualung ya Jethro Tull mwaka 2011, na Close to the Edge ya Yes mwaka 2013, na albamu za bendi za Gentle Giant, Caravan na XTC vilevile. Bila nyinyi kufungua ghala na kumpa zile kanda, yote hayo yasingekuwepo. Tunalijua hilo na tunawashukuru kwa dhati.

Na pale kanda zilipopotea, kuna waliosema ukweli. Gentle Giant walipotoa Three Piece Suite mwaka 2017, ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo kutoka albamu zao tatu za mwanzo, na sababu ilielezwa waziwazi: ni nyimbo hizo tu ambazo kanda zake za njia nyingi zilipatikana. Iliniuma kusikia, lakini niliinunua kwa moyo mweupe kwa sababu nilijua ninanunua nini.

Sasa malalamiko yetu.

Muziki mnauuza ndani ya masanduku ambayo sisi hayatufikii, na mara nyingi kile tunachokitaka hakipatikani nje ya sanduku. Chukueni Fragile ya Yes, albamu ya mwaka 1971. Wilson alishaichanganya, ikatoka mwaka 2015 kwa umbo dogo lisilo na makuu. Mwaka 2024 ilitoka tena kama sanduku kubwa: CD nne, santuri moja, na diski moja ya Blu-ray yenye miksi ya Dolby Atmos, sauti inayomzunguka msikilizaji mpaka juu ya kichwa. Mtu anayetaka ile diski moja ananunua na santuri ambayo pengine anayo tayari, na kitabu, na kadibodi. Kwa mtu wa Manchester huo ni usumbufu wa bei. Kwa mtu wa Temeke ni suala la kuweza au kutoweza, kwa sababu nauli hufuata uzito, na santuri na kadibodi ndivyo vyenye uzito.

Niwaeleze linavyokuwa. Unalipia sanduku kwa kadi. Mtandao unakuonyesha bei, kisha mwishoni kabisa, ukishaandika anwani, ndipo nauli ya Tanzania inatokea, na kuna siku imekaribia nusu ya bei ya sanduku lenyewe. Wiki zinapita. Linafika, unaitwa. Ofisa anakata gundi kwa kisu kidogo, anatoa kitabu, anatoa santuri, anazigeuza, anauliza hizi ni biashara au za kwako. Unamwambia ni za kwangu. Anatazama CD nne zenye jina lilelile la albamu, anatazama na santuri yenye jina hilohilo, anauliza: kama ni za kwako, mbona nyingi hivi za kitu kimoja? Anafanya kazi yake na swali lake ni la haki. Kodi ya ongezeko la thamani kwetu ni asilimia 18, Kenya ni 16, na ushuru una hesabu yake. Ukitoka pale na sanduku lako, kona moja imebonyea, na santuri, kwa joto la safari, wakati mwingine imejikunja kiasi kwamba sindano inapanda na kushuka. Ya kwangu moja iko hivyo mpaka leo. Kuirudisha ni kulipa nauli upya.

Sisemi masanduku yakomeshwe. Yapo yaliyostahili kila senti. Hand. Cannot. Erase. ya mwaka 2015 Wilson aliitunga akiwa na habari ya Joyce Carol Vincent moyoni, mwanamke aliyefia kwenye nyumba yake London na asigunduliwe kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka mwaka 2006. Toleo lake la kifahari lilikuja na kitabu na karatasi za yule mwanamke wa kubuni wa kwenye albamu: maandishi yake, vipande vya magazeti, vitu vya mtu aliyeishi. Nilizisoma huku nasikiliza, na niseme kweli, zilinifanya nimpigie simu dada yangu ambaye tulikuwa hatujaongea siku nyingi. Pale karatasi ni sehemu ya kazi, hakuna anayelalamika kuzilipia. Wilson mwenyewe analijua suala hili kuliko wengi wenu. Alipotoa The Future Bites, albamu inayozungumzia jinsi tunavyojipoteza katika kununua, alitengeneza toleo la nakala moja tu duniani kwa pauni 10,000, na fedha zikaenda Music Venue Trust, wanaosaidia kumbi ndogo za Uingereza zisifungwe. Alikuwa anasema jambo na bei yenyewe, na fedha zilikwenda mahali pema. Masanduku mengi yanayotufikia hayasemi chochote kwa bei yake.

Mtaniambia: sikilizeni kwa kutiririsha, ni rahisi, hakuna posta wala forodha. Tunasikiliza. Lakini tuelewane kuhusu muziki huu. The Overview, albamu ya Wilson ya Machi 2025, ina vipande viwili tu kwa dakika kama arobaini na mbili. Huduma za kutiririsha huhesabu kwamba kipande kimesikilizwa mara moja mtu akishafika sekunde thelathini, na mwanamuziki hulipwa kwa hesabu hiyo. Kipande cha dakika zaidi ya ishirini kinahesabiwa sawa na wimbo wa dakika mbili. Mtu anayependa muziki wa namna hii na kutaka mtunzi wake ale, lazima anunue. Sisi tunataka kununua. Tunawaomba mtuuzie.

Na mbona inawezekana? Robert Fripp wa King Crimson alipigana na mameneja na kampuni kwa miaka, mpaka mwaka 2012 akasema hadharani kwamba ameacha kupanda jukwaani, na mgogoro wake na kampuni ya rekodi ya Universal ukiwa moja ya sababu. Lakini kampuni aliyoianzisha na David Singleton mwaka 1992, DGM, yenye msimamo kwamba haki ya kazi ibaki kwa aliyeitunga, imekuwa ikiuza rekodi za maonyesho ya King Crimson kwa kupakua, zikiwa na ubora kamili. Unalipa ukiwa Kinondoni, unapakua ukiwa Kinondoni, usiku huohuo unasikiliza onyesho la mwaka 1974. Hakuna nauli, hakuna kona iliyobonyea. Jethro Tull nao wana njia yao: tangu toleo jipya la A Passion Play la mwaka 2014 wamekuwa wakitoa upya albamu zao kwa umbo la kitabu kigumu, CD na DVD zikiwa ndani ya majalada, miksi mpya na za zamani humo, historia ndefu ya albamu humo, na hakuna santuri ya kulazimishwa. Kitabu hicho kinaingia kwenye begi la mgeni anayekuja Dar. Cha kwangu cha Songs from the Wood kilikuja hivyo, kwenye begi la binti wa jirani aliyekuwa anarudi likizo, na hakikupata hata mkwaruzo.

Basi ombi letu la kwanza ni hili, na naliandika kwa lugha nyepesi lisipotee njiani: kila mnapotoa sanduku, uzeni na faili zake kamili, zikiwemo za sauti inayozunguka, siku ileile, kwa mtu yeyote mwenye kadi ya benki, wa nchi yoyote. Mara kadhaa nimejaribu kulipia faili dukani kwa mtandao nikaambiwa haziuzwi nchini mwangu. Hazina uzito, hazipiti bandarini, na bado haziuzwi nchini mwangu. Sijapata mtu wa kunieleza kwa nini.

Halafu kuna maonyesho.

Hapa nakwenda taratibu, kwa sababu sitaki mtu adhani tunawalaumu wanamuziki. Mtu akiugua, ameugua. Ikitokea ameamua hataki tena kusafiri, ni maisha yake. The Future Bites ilipangwa kutoka Juni 2020, ikasogezwa hadi tarehe 29 Januari 2021 kwa sababu ya korona, na ziara kubwa ya kumbi kubwa iliyopangwa kuifuata haikufanyika kabisa. Ilituvunja moyo. Nilikuwa nasubiri kuuona wimbo wa albamu hiyo, Personal Shopper, ukipigwa kwenye ukumbi wenye skrini zake zote. Lakini ulimwengu mzima ulikuwa umefungwa, na hatukuwa na la kumdai yeyote.

Tunachodai ni namna ya kuambiwa na namna ya kurudishiwa.

Mwenzetu mmoja, sitataja jina lake wala bendi wala promota, alipanga kwenda kuona onyesho Ulaya. Mjue maana yake kwetu. Ada ya viza ya Schengen peke yake ilikuwa euro 80, tangu Juni 2024 ni 90, na haitoki mfukoni mwa promota wala hairudi ukinyimwa. Juu yake bima ya safari, barua ya mwajiri, taarifa za benki, picha, kusafiri mpaka kituo cha maombi kuweka alama za vidole, na ushahidi wa mahali pa kulala. Na tiketi ya onyesho uinunue mapema, maana bila sababu ya safari hueleweki. Akapata viza. Onyesho likafutwa. Barua pepe ilimkuta uwanja wa ndege akibadilisha ndege, na wenyeji wa mji ule walishaisikia habari kwenye redio yao siku iliyotangulia. Alirudishiwa bei iliyoandikwa kwenye tiketi. Ada ya huduma haikurudi. Alipoandika kuuliza, alijibiwa na mashine kwamba ombi lake limefungwa.

Bei ya tiketi ilikuwa sehemu ndogo kabisa ya alichopoteza, na yeye hakuomba alipiwe ndege. Aliomba mtu amjibu. Angeambiwa siku moja kabla, angebaki na nauli yake, angesogeza safari. Hakuna mtu aliyefikiri kwamba mwenye tiketi ile anaweza kuwa anatoka mbali.

Bendi zenyewe zimeonyesha kwamba zinaweza kusema na mashabiki kama watu wazima. Marillion, bendi ya Uingereza, ndio mfano wangu siku zote. Mwaka 1997 mashabiki wa Marekani walichanga dola 60,000 ili bendi iweze kufika kwao. Mwaka 2021, wakijiandaa kwa ziara ya Uingereza ya Novemba, walikuta kwamba mmoja wao akipimwa na kukutwa na korona ziara nzima inasimama, gharama zote juu yao, na hakuna bima ya kuwakinga. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza mpango wa pauni milioni 750 wa kukinga matamasha, lakini ulihusu amri ya serikali ya kufunga kumbi, haukuhusu mwanamuziki kuugua. Marillion wakawaeleza mashabiki hesabu ilivyo, wakaomba ahadi za pauni 150,000 ziwekwe mahali salama, zitumike ziara ikikwama na zirudishwe isipokwama. Mashabiki wakachanga. Ziara ikafanyika, fedha zikarudi kwa wenyewe.

Nawaambia mapromota: kama bendi inaweza kuweka hesabu zake mezani mbele ya mashabiki wake, nyinyi mnaweza kuandika barua pepe kwa wakati. Mna anwani ya kila aliyenunua. Mna nchi yake. Onyesho likiwa mashakani, mwambieni aliye mbali kwanza, hata kama hamjaamua, mwambieni liko mashakani, ajue namna ya kupanga. Likifutwa, rudisheni kila shilingi aliyowalipa nyinyi, na ada ndani yake, kwa sababu huduma aliyoilipia hakuipata. Na mwekeni mtu, binadamu, wa kumwandikia cheti kwamba onyesho lilipangwa tarehe hii na limefutwa tarehe hii. Cheti hicho kinahitajika kwa kampuni ya bima na kwa shirika la ndege, na safari ijayo kinahitajika ubalozini, ambako utaulizwa kwa nini ulipewa viza na hukuitumia. Mwenzetu aliulizwa. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Kuhusu kurekodi maonyesho na kuyauza baadaye sina mengi. Mnafanya vizuri, endeleeni.

Nirudi kidogo kwenye kanda, kwa sababu ndilo linalonitia hofu zaidi. Juni 2008 moto uliteketeza jengo la Universal huko California, na dunia ilikuja kusoma kwa kirefu habari ya kanda zilizokuwa mle mwaka 2019, zaidi ya miaka kumi baadaye. Ukubwa wa hasara umebishaniwa. Lakini kule kukaa kimya kwa muda wote ule kulitosha kutufundisha kitu. Kwa hiyo semeni kanda zipi mnazo na zipi hamjui ziliko. Kuna mafundi wa zamani wa studio, kuna warithi, kuna watu wenye makabati yasiyofunguliwa tangu 1975, na mashabiki wa muziki huu ni watafutaji wazuri mno wakipewa orodha. Wilson hatachanganya milele, na wale waliopiga ala zenyewe wanazidi kupungua kila mwaka. Mchanganyaji akitaka kuuliza kwa nini kinanda kiliwekwa nyuma kwenye ubeti wa pili, lazima awepo wa kumjibu.

Sitegemei mnijibu mimi kwa jina. Mnaweza kujibu kwa vitendo katika toleo lijalo: wekeni kitufe cha faili kando ya kitufe cha sanduku, na nauli ya Dar es Salaam, Mombasa na Muscat ionekane kabla mtu hajaandika namba ya kadi yake. Siku hiyohiyo mtaona oda zetu.

Wenu katika muziki,

Shabiki, Dar es Salaam